Maalim, si Seif: siku sita kutoka Morogoro hadi Mtambwe

Mwezi Novemba mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliniuliza kwa nini Seif Sharif Hamad, mwanasiasa wa upinzani wa Zanzibar, aliitwa Maalim. Alikuwa shehe? Nikamjibu kwamba alikuwa mwalimu, nikaendelea na somo. Jibu lilikuwa sahihi, lakini lilinikaa kooni. Nimefundisha uraia miaka kumi na moja, jina la mtu huyu nalitaja kila ninapofika kwenye vyama vingi, na Pemba alikozaliwa, kule Mtambwe, sijawahi kukanyaga. Shule zilipofungwa nikafunga begi. Haya nayaandika nikiwa nimesharudi nyumbani, kwa msaada wa daftari lililolowa kona moja na picha za kwenye simu.

Siku ya kwanza. Jumanne, 10 Desemba 2024. Morogoro, Dar, Unguja

Treni ya umeme Morogoro hadi Dar, sh. 13,000. Kutoka stesheni hadi gatini ni joto na foleni tu. Boti ya Unguja nililipa sh. 35,000, bei ya Mtanzania. Beba kitambulisho cha Taifa, maana dirishani wanakiuliza, na tiketi ikate dirishani hapo hapo, si kwa vijana wanaokupokea barabarani kabla hujashuka kwenye bajaji.

Nilifika Malindi alasiri, nikapata chumba cha sh. 40,000 uchochoroni, nikatoka kutafuta hoteli ya Bwawani. Ni mwendo wa dakika chache tu kutoka bandarini, upande wa Funguni. Hapo ndipo matokeo ya urais wa Zanzibar yalipokuwa yakisomwa mwaka 2015. Nilisimama ng'ambo ya barabara na gilasi ya juisi ya miwa yenye ndimu (sh. 1,000), nikalitazama jengo mpaka magharibi.

Kuna tarakimu ninazozijua kwa kichwa lakini sikuwahi kuzihisi. Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, Salmin Amour wa CCM alitangazwa kwa kura 165,271, na Maalim wa chama cha upinzani cha CUF akapewa 163,706. Tofauti ni kura 1,565. Shule yangu ina wanafunzi zaidi ya hao, na wakisimama mstarini asubuhi uwanja haujai. Mwaka 2010 Ali Mohamed Shein alimzidi kwa kura 3,471. Mwaka 2015 watu walipiga kura tarehe 25 Oktoba, na tarehe 28 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jecha Salim Jecha, akatangaza kuufuta uchaguzi wote wa Zanzibar. Ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016, na CUF wakaus‌usia. Mara sita mtu yule aligombea urais wa Zanzibar, kuanzia 1995 hadi 2020, na mara sita hakutangazwa mshindi.

Chakula cha usiku: urojo wa sh. 3,000 Darajani. Forodhani pazuri kwa macho, ila bei zake ni za wageni.

Siku ya pili. Jumatano, 11 Desemba. Unguja, halafu meli ya usiku

Asubuhi nilikwenda Lumumba kwa bodaboda. Enzi za Mwingereza shule hii iliitwa King George VI, na hapo ndipo Maalim, mtoto wa Mtambwe, alipokuja kusoma sekondari, akamaliza hadi kidato cha sita mwaka 1963. Mlinzi aliniuliza shida yangu. Nilipomwambia mimi ni mwalimu na nataka kuiona shule tu, akanivutia kiti kivulini na kuniacha nikae nitakavyo.

Kutoka hapo nilikwenda Mnazi Mmoja na kutazama upande wa Ikulu. Tarehe 5 Novemba 2009 Maalim aliingia mle kuonana na Amani Abeid Karume, Rais ambaye CUF haikuwa ikimtambua. Kabla ya hapo palishakuwa na Muafaka, makubaliano ya CCM na CUF, wa 1999 na wa 2001, na yote miwili ilikwama. Safari hii wawili hao wakakaa wenyewe. Siku mbili baadaye Maalim akasimama kwenye uwanja wa Kibandamaiti mbele ya wafuasi wake na kuwaambia kwamba sasa wamtambue Karume kuwa Rais. Umati haukumpokea vizuri hata kidogo.

Nilifika Kibandamaiti mchana, jua kali, watoto wanacheza mpira. Nikafikiria jinsi ilivyo rahisi kwa mwanasiasa kuwaambia watu wake wanachotaka kusikia. Karibu miezi tisa baada ya mkutano ule, tarehe 31 Julai 2010, Wazanzibari walipiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakaikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yaani vyama vinavyoshindana vitawale pamoja. Maalim akawa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Meli ya Pemba ilikuwa iondoke saa 4 usiku. Tiketi sh. 30,000. Saa 4 mapakizi ndiyo kwanza yanaanza: saruji, magodoro, matenga ya kuku, kabati la vioo lililofungwa mablanketi. Tuling'oa nanga saa 7 na robo. Hakuna aliyetueleza kitu, na akina mama wenye watoto wachanga walikaa sakafuni saa zote hizo. Ukienda, beba mkeka au shuka, maji, na chakula chako.

Mimi sikubeba mkeka. Mzee mmoja mwenye kanzu na koti alinitazama, akasogea, akapiga nusu ya mkeka wake kwa kiganja. "Kaa, mwanangu." Akafungua kikapu: mkate wa ajemi, samaki wa kukaanga, chupa ya chai ya tangawizi. Akaniuliza nakwenda kwa nani.

"Nakwenda Mtambwe, mzee wangu. Nataka kupaona alikozaliwa Seif."

Akaacha kumimina chai. "Seif wako wengi. Sema Maalim."

Nikaomba radhi. Akanipa kikombe, na baada ya muda akasema: "Mimi alinisomesha. Skuli ya Fidel Castro, Pemba, mwishoni mwa miaka ya sitini." Na yeye mwenyewe akaishia kuwa mwalimu, miaka thelathini na kitu.

Hapo ndipo nilipopata jibu ambalo ningempa mwanafunzi wangu. Mapinduzi yalipotokea Januari 1964, walimu wengi wa kigeni waliondoka. Vijana waliotoka kumaliza kidato cha sita, ambao walikuwa wakitazamia chuo kikuu, wakaambiwa waingie madarasani wafundishe. Maalim alikuwa na miaka ishirini. Alifundisha Lumumba na Fidel Castro hadi 1972, ndipo akaruhusiwa kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miaka minane ya chaki huku cheti chake cha kidato cha sita kimekaa. Mwaka 1975 akatoka Mlimani na shahada ya daraja la kwanza. "Kwa hiyo," mzee akasema, "huo umaalim hakupewa kwa heshima tu. Aliutumikia."

Kabla hajalala aliniuliza kama nitaandika. Nikasema ndiyo, nitaweka mtandaoni. Akasema macho yake hayaoni tena kwenye simu, nimpelekee iliyochapwa, herufi kubwa.

Siku ya tatu. Alhamisi, 12 Desemba. Mkoani, Chake, Wete

Mkoani tuliiona kwa mwanga wa alfajiri, mji umekaa kilimani na gati limenyooka baharini. Gari namba 603 ya Chake, sh. 3,000. Kutoka Chake 606 hadi Wete, sh. 2,500. Hakuna haraka: gari huondoka ikijaa, na ikijaa bado wanaongezeka wawili.

Aliyeniambia kwamba Pemba ni kama Unguja alinidanganya. Unguja ni tambarare. Pemba ni vilima na mabonde, ukitoka kwenye mikarafuu unashuka kwenye mpunga, ukipanda tena ni minazi na mihogo. Na harufu! Vuli karafuu huanikwa kila mahali penye jua: kwenye majamvi, kwenye saruji ya kibaraza, hata pembeni mwa lami. Zilizoanikwa jana zina wekundu, za siku nne zimekuwa kahawia na ukizishika zinavunjika kwa mlio.

Wete nilishukia karibu na majumba ya maendeleo, yale maghorofa marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi. Nyumba ya wageni sh. 35,000 pamoja na chai ya asubuhi. Usiku umeme ulikatika, na mama mwenye nyumba akaniita ukumbini walikokaa wanawake watano na watoto kuzunguka lundo la karafuu mbichi, taa ya betri katikati. Walikuwa wakichambua. Unashika kishada kwa mkono wa kushoto, unakisugua kwenye kiganja cha kulia, karafuu zinaanguka upande huu, makonyo, vile vijiti vyake, unayatupa upande ule. Walinipa nafasi nikakaa. Baada ya nusu saa vidole vyangu vilikuwa vyeusi na vinawasha, na nilikuwa nimechambua kama pishi moja wakati msichana wa miaka tisa ana tatu.

Mama alizaliwa miaka ya hamsini. Anaikumbuka njaa ya mwanzo wa miaka ya sabini, foleni za mchele na sukari, kanga moja wakivaa kwa zamu. Nikamuuliza lini mambo yalifunguka. "Alipokuwa Mwinyi," akasema, "na Maalim ndiye Waziri Kiongozi." Yaani 1984. Aboud Jumbe alijiuzulu Januari mwaka huo, Ali Hassan Mwinyi akashika urais wa Zanzibar, na Februari akamteua Maalim, mwenye miaka 40, kuwa Waziri Kiongozi, yaani mkuu wa mawaziri wa Zanzibar. Biashara ikaachiwa, bidhaa zikaingia madukani, na mwaka huo huo Zanzibar ikapata katiba mpya yenye haki za raia. Sisi darasani tunaupita mwaka huo kwa mstari mmoja. Mama yule anaukumbuka kwa rangi ya kitambaa alichonunua.

Baadaye mazungumzo yakawa mazito. Januari 1988 Maalim aliondolewa uwaziri kiongozi, Mei akafukuzwa CCM pamoja na wenzake sita, na Mei 1989 akatiwa ndani. Alitoka kwa dhamana Novemba 1991, baada ya miezi thelathini. Mwaka uliofuata CUF ikazaliwa. Na tarehe 27 Januari 2001, kwenye maandamano ya kudai uchaguzi mpya, risasi zikalia Wete, Chake, Micheweni na Unguja. Watu zaidi ya thelathini walikufa. Zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya, na kuwa wakimbizi, Watanzania, kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Mdogo wa mama yule alikuwa miongoni mwao. Alivuka usiku kwa dau. Mama alisema hayo bila kuacha kuchambua, na hakuna mtu ukumbini aliyeongeza neno.

Siku ya nne. Ijumaa, 13 Desemba. Nyali, Mtambwe

Gari ya Mtambwe hupinda Bahanasa, ikapita Daya. Yetu ilipasuka tairi kabla ya Daya na spea haikuwepo. Tulikaa chini ya mwembe saa nzima, konda akatugawia embe dodo alizookota. Kijana aliyekuwa akipita na pikipiki alinipakia, akanifikisha, na nilipotoa sh. 5,000 akarudisha mkono nyuma. "Umekuja kumzuru Maalim, nikuchukulie pesa?"

Mgeni, jambo la kwanza ni kufika kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo. Jieleze umetoka wapi na umefuata nini. Si kwamba ni lazima uandikiwe kibali, ni adabu, na ukishafika kwa sheha kijiji kizima kinakuwa mwenyeji wako. Vaa nguo ya kusitiri, wanawake wabebe mtandio. Ijumaa usipange kitu kabla ya swala.

Tuliswali, halafu mzee mmoja wa pale Nyali akanichukua kwa miguu hadi makaburini. Nilivua viatu. Mzee akasoma Fatiha kwa sauti ya chini, mimi nikaitikia amina. Sikupiga picha, na kaburi lenyewe sitalieleza hapa. Nitasema tu kwamba udongo wa Mtambwe ni mwekundu, na kutoka pale unasikia watoto wakisoma chuoni, yaani madrasa.

Alizaliwa hapa Nyali tarehe 22 Oktoba 1943, akazikwa hapa tarehe 18 Februari 2021. Mwisho wa Januari mwaka ule chama alichokuwa amehamia, ACT-Wazalendo, kilitangaza kwamba ana korona, wakati ambapo viongozi wengi nchini hawakuwa wakiutaja ugonjwa huo kwa jina. Alifariki Muhimbili asubuhi ya tarehe 17 Februari. Mzee aliniambia siku ya maziko watu walikuja kwa magari, kwa miguu, na kwa mitumbwi kutoka Wete, na foleni ya kushika udongo haikuisha mpaka jua linazama.

Tulikaa barazani kwake. Wakaleta wali wa nazi, pweza, shelisheli la kuchemsha na juisi ya mabungo. Nilimuuliza lile lililokuwa likinisumbua tangu Bwawani. Oktoba 2020 Tume ilitangaza Hussein Mwinyi amepata asilimia 76.27 na Maalim 19.87. Maalim na chama chake waliyakataa matokeo. Kisha tarehe 8 Desemba akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, chini ya huyo huyo Mwinyi, mtoto wa yule aliyempa uwaziri kiongozi miaka 36 nyuma. Watu wa hapa walilionaje?

Mzee alifikiri. "Wengine tuliudhika. Mimi niliudhika." Akasukuma sahani ya pweza upande wangu. "Lakini alikuwa na miaka 77. Angeweza kukaa nyumbani akatuachia sisi na vijana wetu tukatwane. Hakutaka iwe 2001 tena. Bora akae nao yeye."

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi tangu siku ile. Kwa miaka mingi darasani nimemweleza Maalim kama mtu wa kugombea, mpinzani. Barazani Mtambwe wanamweleza kama mtu wa kurudi mezani, na kila mara kurudi huko kulimgharimu kwa watu wake mwenyewe kwanza. Naamini wao wanamjua kuliko mimi na kitabu changu cha kiada.

Siku ya tano. Jumamosi, 14 Desemba. Mvua, na Mtambwe Mkuu

Mvua tangu alfajiri hadi saa 5. Wanawake walikimbiza majamvi ndani, na nyumba nzima ikawa karafuu hadi ngazini. Karafuu ikilowa inapoteza rangi, na daraja likishuka bei inashuka nayo.

Anga lilipofunguka nilikwenda ufukweni Wete na kukubaliana na baharia mmoja na mwanawe, sh. 25,000 kwenda na kurudi Mtambwe Mkuu kwa ngalawa. Uliza maji kwanza: yakitoka sana utatembea kwenye tope la mikoko. Mtambwe Mkuu ni mahame ya mji wa karibu miaka elfu iliyopita. Mwaka 1984, mwaka ule ule wa uwaziri kiongozi, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta hapo hazina ya sarafu zaidi ya elfu mbili za fedha, pamoja na chache za dhahabu, nyingine zikiwa na majina ya watawala wa pwani hii yenyewe. Leo utaona mawe, magugu na makaburi machache. Mimi nilifurahi kupakanyaga tu.

Wakati wa kurudi upepo ulipiga ghafla na ukingo wa tanga ukachanika kando ya foromali, ule mti unaoshika tanga. "Shusha tanga!" baba akapiga kelele. Kijana akaachia kamba, foromali ikashuka, tukayumba pale katikati huku mawimbi yakigonga ndubi, yale mabawa ya pembeni ya ngalawa. Baba alitoa sindano nene na uzi kutoka kwenye kopo la maziwa, akashona palipochanika, mishono kama kumi, bila haraka. Kisha wakavuta wote wawili, nami nikashika kamba nyuma yao, tanga likapanda.

Machi 2019, baada ya mgogoro mrefu wa CUF kumalizikia mahakamani, Maalim alihamia ACT-Wazalendo na kuwaambia wafuasi wake "Shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee". Kwa siku chache tu bendera na rangi za ofisi zikabadilika Pemba nzima. Niliposikia maneno yale nikiwa bara niliyachukulia kuwa kaulimbiu. Kwenye ngalawa, nimelowa mpaka kiunoni, nikaelewa kwamba kwa watu wa hapa ni amri ya kazi, na anayeitoa ni yule anayejua kwamba chombo bado kizima.

Siku ya sita. Jumapili, 15 Desemba. Kurudi

Wete hadi Mkoani kwa magari mawili, boti ya mchana hadi Unguja, ya jioni hadi Dar. Nililala kwa shemeji Kigogo, Jumatatu nikapanda treni. Jumla, pamoja na kulala, kula na halua ya Wete kilo mbili, nilitumia sh. 486,000. Ungelala kwa watu, na utaalikwa, ingepungua.

Shule zikifunguliwa nitamjibu yule mwanafunzi upya. Na hii yote nimeichapa kwa herufi kubwa, kurasa kumi na nne. Nimeisoma mara mbili na peni mkononi, na kila nilipokuwa nimeandika Seif peke yake nimekata na kuandika Maalim juu yake. Bahasha nimempa leo asubuhi dereva wa basi la Dar, ndugu yake anafanya kazi gatini. Ikipata meli ya kesho usiku, mzee wa mkeka ataipokea Mkoani alfajiri.